Swali Ndani ya Lori Jeupe

Kila asubuhi Robi aliamshwa na nyundo. Kabla jogoo hajamaliza kuwika, mama yake alikuwa tayari uani, amekalia ndoo iliyopinduliwa, anagonga mawe. Mawe hayo aliyaokota kwenye vifusi karibu na mgodi mkubwa, au alipewa na vijana wachimbaji wagawane baadaye. Mawe yenye dhahabu watu wa kijiji chao, Genkuru, huyaita mbale. Akishayaponda yakawa kama unga, aliyapeleka kuoshwa. Siku nyingine ilitoka punje ya dhahabu, siku nyingine yalitoka matope tu.

Robi alifagia, akateka maji, akakoroga uji wa mtama, akavaa sketi ya sare yake ya darasa la sita. Muda wote huo mama yake alikuwa anakaa, anasimama, anakaa tena, anachungulia barabarani. Ester, mama yake Robi, hakuwa mtu wa kutulia. Watu wa dhahabu ndivyo walivyo: ukiwaona wamekaa, ujue miguu imeshatangulia. Akisikia kuna rashi mahali, yaani dhahabu mpya imeonekana na watu wanaikimbilia, usingizi ulimwisha. Nguo zake hazikukaa kabatini, zilikaa ndani ya furushi. Kwa sababu ya furushi hilo Robi alishasoma Issenye, akasoma Machochwe kwa mjomba wake Athanas, kisha akarudishwa Genkuru, na daftari zake hazikuwahi kujaa shule moja.

"Mama, leo nitakukuta nikirudi?" Robi aliuliza.

"Utanikuta. Usiponikuta, bibi yako yupo."

Hilo halikuwa jibu, na wote wawili walijua.

Bibi Mokami ndiye aliyekuwa mwenye nyumba. Hakujaliwa mtoto wa kiume. Kwa Wakurya, mwanamke wa namna hiyo akiwa na ng'ombe anaweza kuoa mwanamke kwa niaba ya mwana ambaye hakumpata, ili nyumba yake ipate watoto na jina lake lisipotee. Ndoa hiyo huitwa nyumba ntobhu. Bibi Mokami alipeleka ng'ombe Machochwe kwa akina Ester, Ester akaja Genkuru, na Robi akazaliwa akiwa mjukuu halali wa nyumba hiyo. Tangu siku ng'ombe wale walipovuka Mto Mara, Ester alimwita Mokami mama. Ukimwuliza kwao ni wapi, alikujibu Genkuru. Mambo ya Machochwe aliyaacha Machochwe.

Siku hiyo shuleni, Mwalimu Nashoni aliingia darasani bila chaki.

"Kwenye uwanja wa zahanati kuna lori jeupe," alisema. "Ndani yake kuna mashine ya kupiga picha matiti ya akina mama."

Darasa zima likaangua kicheko.

"Chekeni. Mkimaliza nitaendelea." Alisubiri kweli, mikono mfukoni, mpaka kicheko kikajifia chenyewe. "Mmemaliza? Haya. Kuna ugonjwa wa saratani ya titi. Mwanzoni hauumi, na mkono hauwezi kuugusa kwa sababu ni mdogo kuliko punje ya ulezi. Mashine hii inapiga picha ya ndani, na picha inaingia kwenye kompyuta papo hapo. Mtaalamu anaikuza, anaichunguza, anaona kilichojificha. Ukionekana mapema, unatibika. Mkifika nyumbani waambieni mama zenu."

Akinyi, aliyekaa na Robi dawati moja, alinyoosha kidole. "Mwalimu, ugonjwa huo unaambukiza?"

"Hauambukizi. Ila katika koo nyingine unapita kwenye damu. Kama mama aliugua, binti naye anaweza kuupata. Si lazima aupate, lakini anatakiwa kuangaliwa mapema kuliko wengine."

Robi aliacha kuchezea kalamu. Alikumbuka kaburi la mama mzazi wa Ester huko Machochwe, nyuma ya zizi la mjomba Athanas. Siku moja alimwuliza mjomba, bibi aliyelala hapa alikufa kwa nini? Mjomba aliangalia pembeni kwanza.

"Titi," alisema. "Uvimbe ulianza kama harage, ukalila lote. Mama yako alikuwa mdogo kuliko wewe. Lakini haya usiyapeleke Genkuru. Binti akishatolewa ng'ombe, maradhi ya alikotoka hayasemwi. Wataona tuliwadanganya."

Robi hakuyapeleka. Na ilikuwepo sababu nyingine. Mwaka uliotangulia mvulana mmoja aitwaye Tonny alimtania uwanjani: "Robi, wewe una bibi wangapi? Huyo wa Genkuru si bibi yako, ni mwenye ng'ombe!" Habari zilimfikia Bibi Mokami. Kesho yake alikuja shuleni na fimbo, akasimama mbele ya mstari wa asubuhi na kuuliza kwa sauti, "Yuko wapi anayesema mimi si bibi yake huyu?" Tonny alijificha chooni mpaka mapumziko. Watu walicheka, lakini Robi alimwona bibi akijifuta macho kwa upindo wa kanga. Siku hiyo aliapa kwamba maneno yale hayatatoka kinywani mwake hata siku moja.

Aliporudi nyumbani mchana alikuta pikipiki mlangoni, injini inanguruma. Odoyo, dereva wa bodaboda, hakuizima hata alipokuwa anaongea.

"Mama Robi, fanya haraka! Ng'ambo ya Mto Mara kuna kilima kimefunguka. Watu wanashuka pale kama kumbikumbi. Ukichelewa utakuta mashimo na maganda ya ndizi!"

"Nakuja, nakuja!" Ester alikuwa anafunga furushi kwa meno na mikono.

"Mama, kuna lori kwenye zahanati," Robi alianza.

"Nimesikia, wametangaza na kipaza sauti tangu asubuhi. Mimi siumwi."

Bibi Mokami alisimama katikati ya njia, fimbo mkononi. "Hata mimi siumwi. Lakini mashine imekuja mpaka Genkuru kunitafuta, niipishe? Tunakwenda wote."

"Bibi," Odoyo alisema, "hiyo mashine ni ya wenye matiti."

"Na haya ni nini? Maboga?"

Odoyo ghafla akawa na kazi ya kukagua tairi.

"Twendeni basi, lakini mbio," Ester alisema. "Odoyo, nifuate na furushi langu. Nikitoka pale, safari."

Uwanjani palikuwa na wanawake wengi. Lori lilikuwa refu, lina ngazi ya chuma na mlango mwembamba, na jenereta ilitetemesha ardhi chini ya miguu. Ester alikaa kwenye benchi, akainuka, akamwangalia Odoyo, akakaa, akainuka. "Watu wanachimba saa hii," alinong'ona. "Wanachimba, mimi niko hapa naangalia lori."

Zamu yao ilipofika, nesi aliyeitwa Susana aliwakaribisha kwenye hema dogo kando ya lori. Alimwamkia bibi shikamoo, akaitikiwa marahaba. Kwanza alimpima Ester kwa mkono nyuma ya pazia. Kisha wakakaa.

"Sijagusa uvimbe wowote," alisema. "Una umri gani, dada?"

"Thelathini na sita."

"Mama yako amewahi kuugua ugonjwa wa titi? Au dada zako?"

"Dada sina. Mama yangu huyu hapa. Mwulize mwenyewe." Ester alimwonyesha Bibi Mokami.

"Mimi?" Bibi alijiweka sawa kwenye kiti. "Mimi ugonjwa wangu ni jino."

Nesi Susana alicheka. "Basi una bahati, dada. Asiyefika miaka arobaini, hana uvimbe, na mama yake ni mzima, huyo picha bado. Njoo ukifika arobaini. Bibi, wewe ingia."

Ester hakusema uongo. Alijibu kama binti aliyeolewa anavyojibu kwa desturi ya kwao. Robi alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake, na kinywa chake kilifunguka. Halafu akamwona bibi. Bibi Mokami alikuwa anarekebisha kanga begani, amenyoosha shingo, ana furaha ya mtu aliyeitwa mama mbele za watu. Kinywa cha Robi kikajifunga.

Bibi aliingia kwenye lori. Alipotoka alitangaza kwa foleni nzima, "Inabana kama mlango wa zizi! Lakini inaachia mara moja. Wamekuza picha yangu kwenye kompyuta, wamesema ni safi. Ingieni, nyie waoga!"

Wanawake wakacheka. Ester hakuwepo kucheka. Alishapanda pikipiki, na Odoyo alikuwa anavuta mafuta, vum, vum, vum.

Robi alikimbia akashika chuma cha nyuma cha kubebea mizigo.

"Mama, shuka."

"Achia, mtoto, utaumia!"

"Mama, nesi hakuuliza vile."

"Hakuuliza nini? Achia, nimesema!"

Robi alikaza mikono kwenye chuma. Bibi Mokami alikuwa anakuja na fimbo yake, anatabasamu bado. Mama akiondoka sasa atavuka mto, kutoka kilima hicho atakwenda kingine, na arobaini yake itamkuta huko asikojulikana. Au haitamkuta. Yule wa Machochwe haikumkuta.

"Aliuliza mama aliyekuzaa!" Robi alisema, na sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Aliyezikwa nyuma ya zizi la mjomba. Alikufa kwa titi. Hakuuliza mama wa nyumba!"

Odoyo akazima injini.

Foleni nzima iligeuka. Mwanamke mmoja alisema, "Haa! Mtoto anamkana bibi yake mchana kweupe."

"Nani kakwambia hayo?" Ester aliuliza. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Mjomba Athanas."

"Nyamaza. Nyamaza kabisa!"

Bibi Mokami alikuwa ameshafika. Tabasamu lilikuwa limekwisha. Alimwangalia Robi, halafu akamwangalia Ester, midomo inatafuna kitu kisichokuwepo.

"Ester. Ni kweli?"

"Mama, mimi..."

"Nimeuliza, ni kweli?"

"Ni kweli." Ester alishuka kwenye pikipiki polepole. "Nilikuwa mdogo. Nilipokuja kwako walinikataza kusema."

Bibi Mokami alijiinamia juu ya fimbo yake. Robi alitamani ardhi immeze. Alijua amelisema lile neno la Tonny, tena yeye mwenyewe, tena mbele za watu.

"Miaka yote hii," bibi alisema mwishoni, "nilifikiri nilipotoa ng'ombe nilipata mtu kamili, na damu yake ndani. Kumbe ng'ombe wanahamisha jina. Wanahamisha na watoto. Damu hawaihamishi. Damu alikuja nayo kutoka kwao." Akainua kichwa. "Haya. Unangoja nini? Rudi kwa nesi."

"Na rashi je?" Odoyo aliuliza.

"Rashi nenda wewe. Furushi liweke chini."

Nesi Susana alisikiliza yote bila kukatiza. "Na mimi niliuliza kwa haraka," alisema. "Nilitakiwa kusema mama aliyekuzaa. Alikufa akiwa na umri gani?"

"Hakufika arobaini," Ester alijibu. "Hakuikaribia."

"Basi picha yako ni leo, siyo kesho."

Robi aliambiwa asubiri nje kwa sababu ya mionzi. Alizunguka lori lile, akalizunguka tena. Ndani, mtaalamu wa picha alimweka mama yake mbele ya mashine, titi likawekwa juu ya sahani moja na sahani nyingine ikashuka kulibana. Lilibanwa likauma kidogo, likaachiwa. Ilipokwisha, Ester aliomba mwanawe aingie.

Kwenye kioo cha kompyuta titi lilionekana kama kilima cha kijivu chenye mizizi mieupe. Mtaalamu alikuza sehemu moja. Hapo palikuwa na vidoa vyeupe vidogo sana, vimekusanyika pamoja kama chenga.

"Hilo ni vumbi la mawe," Ester alisema haraka. "Mimi nagonga mbale tangu alfajiri. Limeganda kwenye ngozi."

"Inawezekana," mtaalamu alisema. "Hata poda na mafuta ya kwapani huwa tunakataza, yanachafua picha. Nenda ukaoge vizuri, turudie. Picha mpya tutaiona sasa hivi."

Robi alichota maji mwenyewe. Alimsugua mama yake nyuma ya hema kwa sabuni, chini ya titi, kwapani, shingoni, mpaka maji yakaacha kutoka ya kijivu. Vitoke, Robi aliomba kimoyomoyo. Vitoke na maji.

Picha ya pili ilikuja. Vumbi lilikuwa limetoka kwenye ngozi, lakini vidoa vilikuwa pale pale.

"Ningeviona kwenye jiwe," Ester alisema kwa sauti ndogo, "ningepiga vigelegele."

"Sikiliza, dada," mtaalamu alimwambia. "Vidoa peke yake siyo ugonjwa. Wanawake wengi wanavyo na ni wazima. Lakini vikikusanyika hivi, lazima tujue kwa nini. Naituma picha kwa daktari bingwa Mwanza kwa mtandao. Usiende mbali."

Usiende mbali. Kwa Ester neno hilo lilikuwa gumu kuliko sindano. Lakini hakwenda. Alizunguka uani, akagonga mawe ambayo hayakuwa na kitu, akahamisha kuku kutoka kona hii kwenda kona ile. Jibu lilikuja kabla lori halijaondoka: aende Mwanza, atolewe kinyama kidogo kwa sindano, kipimwe.

Mjomba Athanas alikuja kutoka Machochwe kumsindikiza. Alimwamkia Bibi Mokami bila kumtazama machoni. "Ulifikiri ningedai ng'ombe wangu?" bibi alimwuliza. "Mpeleke dada yako hospitali. Mengine tutaongea mkirudi."

Siku hizo Robi hakukaa sawa. Kila pikipiki iliyopita barabarani alitoka mbio. Darasani alisoma mstari mmoja mara nyingi bila kujua umesema nini. Na jambo moja lilimchoma zaidi: bibi alikuwa anampa chakula, anamwambia afunge mlango, anamwambia aamke, lakini hakuwa anamtania tena.

Habari zilikuja kwa simu ya Mwalimu Nashoni. Ilikuwa saratani. Lakini ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, bado imejifungia ilipozaliwa, haijatembea. Madaktari walikata kipande kile, wakamwanzishia tiba ya mionzi. Daktari alisema kwamba kwa mkono isingegusika mpaka ipite muda mrefu, na huenda wakati huo ingekuwa imeshasambaa mwilini.

Ester alirudi amekonda, ana kovu dogo, na amechoka kwa namna ambayo Robi hakuwahi kuiona. Alikaa kwenye mkeka uani na kwa mara ya kwanza hakuinuka. Jioni hiyo kabla jua halijazama, Robi na bibi walikuwa wanachambua maharage kando yake. Robi alichambua mpaka akashindwa kuvumilia.

"Bibi, bado umenikasirikia?"

"Nilikasirika," Bibi Mokami alisema. "Sitakudanganya. Pale uwanjani nilikasirika mpaka masikio yakaziba. Nilisema, mtoto niliyembeba mgongoni ananivua nguo mbele za watu. Halafu nikakaa nikajiuliza: angeninyamazia kwa heshima, heshima hiyo ningeila na nini, mama yake akiwa kaburini?"

Robi alitupa harage bovu pembeni.

"Kutunza heshima ya wakubwa ni vizuri, mjukuu wangu. Ila ukweli unaoweza kuokoa mtu hautunzwi, unasemwa. Tena mapema. Sisi wakubwa tulikosea wote. Mjomba wako alificha, mama yako alificha, na mimi sikuwahi kuuliza. Maradhi ya ukoo siyo aibu ya ukoo. Ni habari, na kila mtoto anatakiwa kupewa." Aligeuka. "Ester, wewe utapona na miguu itakuwasha, nakujua. Nenda kwenye rashi zako. Lakini siku ya mashine, kila mwaka, uache hata dhahabu shimoni uje."

"Nitakuja, mama."

"Na huyo mama aliyekuzaa. Aliitwa nani?"

Ester aliinua macho. Tangu aolewe hakuna mtu aliyemwuliza swali hilo. "Gati," alisema. Halafu akalirudia, kama mtu anayejaribu daraja kwa mguu. "Aliitwa Gati."

"Umesikia, Robi? Na wewe utakua. Siku moja utakaa mbele ya nesi na atakuuliza habari za damu yako. Usione haya, wala usinionee huruma. Mtaje Gati. Mimi usinitaje."

"Hutakasirika?"

Bibi Mokami alimvuta kwa bega akambana ubavuni mwake, maharage yakamwagika mkekani.

"Nitakasirika ukinitaja."